Umeme Bila Mlango: Safari ya Miaka 57 ya Kuulisha Moyo Bila Kumchana Mgonjwa

Umeme ukikatika kwako huwa unafanya nini? Unawasha tochi ya simu, unachungulia dirishani kuona kama giza ni la kwako tu au la mtaa mzima, unanung'unika kidogo, maisha yanaendelea. Sasa hebu fikiria umeme umekatika wakati moyo wa mtoto wako umechomekwa ukutani.

Siongezi chumvi. Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulikatika katika mji wa Minneapolis, Marekani. Kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Minnesota kulikuwa na daktari mpasuaji, C. Walton Lillehei, aliyekuwa akiziba matundu kwenye mioyo ya watoto waliozaliwa nayo. Operesheni hizo zilikuwa na tatizo moja: wakati mwingine sindano ya kushonea ilijeruhi njia ndogo inayopitisha amri ya kudunda ndani ya moyo. Mtoto anatoka chumba cha upasuaji tundu limezibwa, lakini moyo umesahau kazi yake. Kuwaokoa, Lillehei alishona waya mwembamba kwenye nyama ya moyo, akautoa nje kupitia kifua, akauunganisha na mashine ya kutoa mishtuko midogo ya umeme. Mashine ilikuwa na plagi, na plagi ilikuwa ukutani. Mtoto aliweza kutembea kwenye korido, ila mwisho wa safari yake ulikuwa mwisho wa waya.

Siku ile vyumba vya upasuaji vilikuwa na umeme wa akiba. Wodi hazikuwa nao. Inasimuliwa kwamba mtoto mmoja alifariki.

Nakuanzishia hapo kwa sababu nataka tuongee kuhusu vipandikizi vya tiba visivyotumia waya, na ukizisoma habari zake siku hizi utadhani ni hadithi ya teknolojia ya juzi, ya simu na bluetooth. Sivyo. Ni hadithi ya swali moja la zamani: umeme uingie vipi mwilini bila kuacha mlango wazi? Naomba tuifuate hadithi hiyo kwa kipimo kimoja tu, ambacho hata mgonjwa asiyejua fizikia anakijua vizuri: nitachanwa mara ngapi?

Moyo unataka umeme kiasi gani?

Kwanza tuelewane. Moyo una kijiwe chake cha amri, kundi dogo la seli juu kwenye chumba cha kulia, linalotoa mapigo ya umeme kama 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Amri hiyo inashuka kupitia njia maalumu hadi vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Njia ikikatika, vyumba vya chini hubaki vikijidundia polepole sana, au vinasimama. Mtu anaanguka na kuzimia ghafla. Akiwa na bahati, anazinduka.

Kifaa kinachochukua nafasi ya amri hiyo ndicho ambacho huku kwetu watu wanakiita "betri ya moyo". Jina zuri, ingawa linadanganya kidogo, maana betri ni sehemu moja tu ya kifaa. Lakini ukitazama historia, wananchi hawakukosea: betri ndiyo iliyosumbua kuliko kitu kingine chochote. Na kinachoshangaza ni kwamba moyo hauombi umeme mwingi. Kifaa kizima kinatumia sehemu ndogo mno ya wati moja. Shida ni kufikisha kiasi hicho kidogo pale kinapotakiwa, kila sekunde, kwa miaka.

Baada ya giza lile, Lillehei alimwendea fundi aliyekuwa akitengeneza mitambo ya hospitali hiyo, Earl Bakken. Bakken alikuwa na karakana kwenye gereji. Alikumbuka mchoro wa saketi ya metronomu aliowahi kuuona kwenye gazeti la mafundi wa elektroniki, kile kifaa kinachowapigia wanamuziki "tik, tik, tik" ili wasitoke kwenye mdundo. Aliujenga kwa transista, akaweka betri ndogo, akafunga kwenye kisanduku cha kuvaa kifuani. Ilimchukua kama wiki nne. Alikipeleka kikajaribiwe kwa mbwa. Aliporudi siku iliyofuata, akamkuta mtoto tayari amekivaa.

Hivyo ukuta uliondoka. Waya wa kupita kwenye ngozi ulibaki. Na ngozi iliyotobolewa, msomaji, ni nyumba isiyo na mlango wa kufunga: vijidudu vinaingia vitakavyo.

Mke aliyekataa kuambiwa haiwezekani

Tuhamie Sweden, mwaka mmoja baadaye. Arne Larsson, mhandisi mwenye miaka 43, alikuwa akizimia mara 20 hadi 30 kwa siku. Mkewe, Else-Marie, ndiye aliyekuwa akimzindua. Alisoma kwamba pale hospitali ya Karolinska kuna daktari mpasuaji, Åke Senning, na mhandisi Rune Elmqvist, wanaofanya majaribio ya kifaa cha kuushtua moyo. Akawaendea. Wakamwambia hawana kifaa cha kumwekea binadamu. Hakuondoka. Alikuwa akitoka kwa daktari anaenda kwa mhandisi, kwa mhandisi anarudi kwa daktari, mpaka wakakubali.

Elmqvist alitumia transista mbili, akazimiminia gundi ngumu ya epoksi, na kalibu aliyotumia kuviringisha kifaa ilikuwa kopo la rangi ya viatu. Tarehe 8 Oktoba 1958 Senning alikipandikiza tumboni kwa Larsson, na waya ukapita ndani kwa ndani hadi kwenye moyo. Kwa mara ya kwanza, hakuna kitu kilichotokeza nje ya ngozi.

Hapo ndipo wengi huishia wanaposimulia. Mimi nataka uangalie kitu kimoja wanachokiruka. Betri ndani ya kopo lile ilikuwa ya nikeli na kadimiamu, ya kuchajiwa. Ilichajiwaje, wakati imefukiwa tumboni? Kwa koili iliyobandikwa juu ya ngozi, ikipitisha nguvu kwa sumaku hadi kwenye koili iliyokuwa ndani. Yaani betri ya moyo ya kwanza kabisa kupandikizwa duniani ilikuwa inachajiwa bila waya, kwa kanuni ileile ya chaja unayoilazia simu juu yake leo.

Kifaa hicho kiliharibika baada ya saa chache. Kikawekwa kingine, nacho hakikudumu. Lakini Larsson alidumu. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa saratani isiyohusiana na moyo, akiwa amewazika Elmqvist na Senning wote wawili. Katika maisha hayo alitumia vifaa 26.

Ishike namba hiyo. 26. Tunafurahia, kwa haki, kwamba mtu aliishi miaka 43 zaidi. Lakini hesabu pia mara alizolala kwenye meza ya upasuaji.

Koili mbili na ukuta wa nyama

Larsson hakuwa peke yake. Kwenye miaka hiyohiyo wazo la kupitisha umeme bila waya lilizuka sehemu nyingi kwa pamoja. Februari 1957, mjini Paris, André Djourno na Charles Eyriès walipandikiza koili ndogo kwa mtu aliyekuwa kiziwi kabisa, wakaishtua neva yake ya kusikia kwa koili iliyowekwa nje. Mtu yule akasikia sauti, ingawa hakuweza kuelewa maneno. Mwaka huohuo R. Stuart Mackay na Bertil Jacobson walieleza katika jarida la *Nature* kuhusu redio ndogo ya kumeza, kidonge kinachotangaza joto na shinikizo kikiwa tumboni. Mwaka 1959 timu ya William Glenn, Chuo Kikuu cha Yale, ilieleza jinsi ya kuuendesha moyo kwa mawimbi ya redio kutoka nje. Kule Birmingham, Uingereza, Leon Abrams naye alitengeneza kifaa ambacho betri na mitambo yote ilibaki nje, koili moja juu ya ngozi, nyingine chini yake.

Sasa, inafanyaje kazi? Ukipitisha umeme unaobadilikabadilika kwenye koili, unazaliwa uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Koili nyingine ikiwa karibu, uga huo unazalisha umeme ndani yake. Hakuna waya kati yao. Michael Faraday aliligundua hili mwaka 1831.

Tatizo ni neno "karibu". Uga wa koili haufifii taratibu kama harufu ya pilau inayosambaa mtaani. Unaporomoka. Ukiwa mbali kiasi na koili, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya uga inabaki kama moja ya nane. Kwa kifaa cha sikio hilo halina neno: koili mbili zinatenganishwa na ngozi tu, milimita chache. Ndiyo maana mpaka leo vipandikizi vya sikio, vilivyoendelezwa baadaye na watu kama William House wa Marekani na Graeme Clark wa Australia, vinatumia koili iliyoshikwa na sumaku nyuma ya sikio, na vinafanya kazi vizuri sana.

Moyo je? Moyo uko ndani, sentimita kadhaa, nyuma ya ngozi, mafuta, misuli na mbavu. Ukitaka kuufikia kwa koili, koili ya ndani lazima iwe kubwa, au ikae karibu na ngozi halafu waya umalizie safari. Na koili ya nje ikiteleza kidogo usingizini, moyo unakosa amri. Fikiria kulala na wasiwasi huo.

Betri yashinda, lakini kwa mkopo

Ndiyo maana betri ilishinda. Wilson Greatbatch, mhandisi wa Buffalo, Marekani, alikuwa akitengeneza kifaa cha kurekodi sauti za moyo alipochukua rezista isiyo sahihi na kuiunganisha. Saketi ikaanza kupiga: pigo, kimya, pigo, kimya. Akaitambua mara moja. Mwaka 1960, pamoja na daktari William Chardack, vifaa vyake vikaanza kupandikizwa kwa wagonjwa, vikiwa na betri za zebaki zisizohitaji kuchajiwa. Hakuna koili, hakuna kubandika kitu juu ya ngozi. Unaweka, unashona, mgonjwa anakwenda nyumbani.

Kwa takribani miaka miwili hivi. Halafu betri inaisha, unamchana tena.

Watu walihangaika. Mwaka 1970 mjini Paris alipandikizwa mgonjwa wa kwanza aliyewekewa betri ya moyo inayotumia plutoniamu. Ndiyo, plutoniamu, madini ya nyuklia, yakitoa joto taratibu kifuani mwa mtu. Ilidumu miaka mingi sana, lakini jaribu kufikiria kupita nayo mpakani, au familia ikitaka kumzika mwenye nayo. Suluhisho la kudumu zaidi lilikuja mwaka 1972, betri ya lithiamu na aidini, ambayo Greatbatch huyohuyo aliipigania. Umri wa kifaa ukasogea kutoka miaka miwili hadi mingi zaidi.

Hebu tuweke hesabu wazi hapa, maana hapa ndipo historia ilipochukua kona. Betri haikujibu swali letu. Ililiahirisha. Kila kipandikizi chenye betri ni mkopo wenye tarehe ya kulipa, na anayelipa ni mgonjwa, kwa ngozi yake. Pia betri ndiyo iliyoamua umbo la kifaa. Kwa kuwa betri ni kubwa, haiwezi kukaa kwenye moyo wenyewe. Inakaa chini ya mfupa wa bega, na kutoka hapo waya unapita kwenye mshipa wa damu hadi moyoni. Waya huo unapinda kila moyo unapodunda, kama mara laki moja kwa siku. Unaweza kukatika. Unaweza kubeba maambukizi. Na kuutoa, baada ya mwili kuukumbatia kwa makovu, ni upasuaji wa hatari.

Hata nyaya za muda zina hatari yake. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alifanyiwa upasuaji wa moyo Agosti 2012. Nyaya za muda zilizokuwa zimewekwa kwenye moyo wake zilipotolewa, alianza kuvuja damu ndani, na akafariki tarehe 25 ya mwezi huo. Mtu alienda mwezini akarudi salama.

Na kwetu mkopo huu una riba kubwa zaidi. Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam inapandikiza betri za moyo, na huduma hiyo ipo Kenya pia. Lakini kifaa kipya ni ghali, na kurudi kubadilisha ni gharama nyingine juu ya nauli na siku za kazi zilizopotea. Kuna mradi wa Chuo Kikuu cha Michigan unaochukua betri za moyo kutoka kwa watu waliofariki, kwa ridhaa, kuzisafisha, kuzipima na kuwapa wagonjwa wa nchi zenye kipato kidogo, Kenya ikiwa mojawapo. Jambo la kwanza linaloangaliwa ni lipi? Betri imebakiza miaka mingapi. Tukubaliane basi: swali la umeme unaingiaje mwilini si la maabara tu.

Profesa aliyerudia hesabu

Sasa ngoja tufike kwa mtu niliyetaka umjue. Ada Poon hakuanza kama mhandisi wa tiba. Shahada yake ya uzamivu, aliyoifanya Berkeley, California, ilihusu mawasiliano ya redio yenye antena nyingi, yaani mambo ya kupitisha taarifa nyingi hewani kwa wakati mmoja. Alipofika Chuo Kikuu cha Stanford kama mhadhiri wa uhandisi wa umeme, aligeuza macho kwenye mwili wa binadamu. Na aligeuka akiwa na macho ya mtu wa redio, si ya mtu wa vipandikizi.

Wakati huo kulikuwa na jambo ambalo karibu kila mtu kwenye fani hii aliliamini: ukitaka kupitisha nguvu mwilini, tumia masafa ya chini, chini ya megahetsi 10. Sababu ilikuwa na mantiki. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo mwili unavyomeza mawimbi zaidi na kuyageuza kuwa joto. Oveni ya maikrowevu inapasha ugali wako kwa kanuni hiyohiyo, kwa gigahetsi 2.45. Nani anataka kuoka mgonjwa?

Ila kuna upande wa pili wa mizani. Antena ndogo inakusanya nguvu zaidi masafa yakipanda, kwa sababu kinachozalisha umeme kwenye koili ni kasi ya mabadiliko ya uga. Masafa ya juu, mabadiliko ya haraka, umeme zaidi. Kwa hiyo kuna vitu viwili vinavutana: mwili unameza zaidi, lakini kiantena kidogo kinavuna zaidi. Lazima kuwe na mahali fulani katikati ambapo faida ni kubwa kuliko hasara. Ni wapi?

Jibu la zamani lilitoka kwenye hesabu iliyorahisishwa. Uga ulichukuliwa kuwa haubadiliki haraka kiasi cha kusafiri kama wimbi, na mwili ukachukuliwa kuwa kipitishi cha umeme, ambamo uga unazama na kufia njiani. Kwa masafa ya chini kurahisisha huku ni sawa kabisa. Tatizo ni kwamba ukianza na hesabu ya masafa ya chini, itakuambia masafa ya chini ndiyo bora. Ni kama kuitafuta shilingi iliyopotea chini ya taa peke yake, kisha kutangaza kwamba gizani hakuna kitu.

Poon, pamoja na Stephen O'Driscoll na Teresa Meng, walirudia hesabu bila kurahisisha. Walitumia milinganyo kamili ya James Clerk Maxwell, ambayo imekuwepo tangu miaka ya 1860, na wakauchukua mwili kama ulivyo: kitu kisichopitisha umeme kirahisi kama chuma, bali kinachoweza kubeba wimbi likasafiri. Makala yao ilitoka mwaka 2010. Jibu: kwa koili ndogo ya ndani, masafa bora yako kwenye eneo la gigahetsi moja. Hiyo ni kama mara 100 ya yale yaliyoaminiwa. Na maana yake kwa mgonjwa ni kwamba antena ya ndani inaweza kuwa ndogo mara 100 na bado ikapata nguvu ileile.

Nakuomba usipite haraka hapa. Hakuna kanuni mpya ya maumbile iliyogunduliwa. Milinganyo ilikuwa vitabuni muda wote, Larsson akiwa mezani mara ya kwanza, ya kumi, ya ishirini na sita. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kama lile jibu ambalo wote walilirithi liliwahi kuhesabiwa upya.

Punje inayoendesha moyo

Mwaka 2012 timu ya Poon ilionyesha kichipu cha milimita 3 kwa 4, kisicho na betri, kinachopata nguvu kwa redio na kujisogeza chenyewe kwenye kimiminika, kama nusu sentimita kwa sekunde. Watu walikipenda kwa sababu kilifanana na filamu za kuwazika. Lakini kazi nzito ilikuja Mei 2014.

Safari hii, wakiongozwa na John Ho aliyekuwa mwanafunzi wake, walitengeneza bamba la chuma lenye michoro maalumu ya kuwekwa nje ya kifua. Bamba hilo halirushi uga hovyo kila upande. Michoro yake inayapanga mawimbi ili yakigusa mwili yaingie na kukutana ndani, kwenye eneo dogo, kama lenzi inavyokusanya mwanga wa jua kwenye jani kavu. Mwili wenyewe unasaidia. Wimbi la gigahetsi 1.6 lina urefu wa kama sentimita 19 hewani, lakini likiingia kwenye misuli linajikunja mpaka sentimita mbili na nusu hivi. Wimbi fupi linalengeka vizuri zaidi. Yaani nyama, ambayo kwa miaka 50 ilihesabiwa kuwa ukuta, ikageuka kuwa sehemu ya lenzi.

Kwa njia hiyo walipeleka nguvu ya kiwango cha miliwati kwenye kina cha zaidi ya sentimita 5, huku mawimbi yakibaki chini ya viwango vya usalama vilivyowekwa kwa binadamu. Kipandikizi chenyewe kilikuwa na upana wa milimita 2 na uzito wa miligramu 70, kidogo kuliko punje ya mchele. Waliuendesha nacho moyo wa sungura kifua kikiwa kimefungwa. Kutoka nje. Bila betri ndani.

Tuseme ukweli wote: ni sungura, si mtu. Kifua cha sungura si kifua cha mama yako. Na ukiondoa betri ndani, lazima mgonjwa avae kitu nje, na kama ni moyo, kitu hicho hakiruhusiwi kusahaulika bafuni. Wengine wamechagua njia tofauti. Tangu 2016 Marekani imeidhinisha betri ya moyo isiyo na waya kabisa, ya urefu wa kama sentimita mbili na nusu, inayopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo. Ila ina betri, na betri ina mwisho. Chuo Kikuu cha Northwestern nacho mwaka 2021 kilieleza kifaa cha muda kinachoyeyuka mwilini chenyewe kazi ikiisha, bila mtu kuvuta waya wowote. Kila mmoja anajibu swali letu kwa upande wake.

Mlango mmoja ukifungwa

Bado kuna deni moja. Kifaa kinachosikiliza redio hakijui sauti ni ya nani. Mwaka 2008 kundi la watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, akiwemo Kevin Fu, lilionyesha kwenye maabara kwamba kifaa cha kushtua moyo kilichokuwa kikiuzwa kinaweza kusomwa na hata kuamriwa kutoa mshtuko na mtu asiyehusika, akiwa karibu na mwenye vifaa vya redio. Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alieleza mwaka 2013 kwamba madaktari wake walizima mawasiliano ya redio ya kifaa chake kwa hofu hiyohiyo. Na mwaka 2017 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitangaza marekebisho ya programu kwa betri za moyo zipatazo 465,000 nchini humo, ili kuziba pengo la usalama. Wenye nazo walitakiwa kwenda hospitali kusasishwa. Moyo, kama simu.

Kwa hiyo tulifunga mlango wa ngozi tukafungua wa hewani. Tofauti ni kwamba mlango wa hewani unaweza kuwekewa kufuli bila kisu. Mimi nadhani hayo ni maendeleo, ila kufuli hilo lazima lifikiriwe siku ya kwanza, si baada ya wagonjwa laki nne na ushee kuondoka na kifaa.

Mara nyingine utakapomwona mtu ana kovu dogo chini ya bega la kushoto, au umeme utakapokatika ukabaki unasubiri gizani, kumbuka watoto wa ile wodi ya Minneapolis. Na kama wewe ni mwanafunzi mwenzetu, umekaa na kitabu chenye sentensi inayoanza na "inajulikana kwamba", chukua kalamu, uihesabu mwenyewe. Uzoefu wa fani hii unaonyesha kuwa hesabu ambayo haikurudiwa kwa miaka 50 ililipwa na watu, mshono kwa mshono.

Una swali, au una ndugu aliyewekewa betri ya moyo na ungependa tueleze jambo fulani kuihusu? Tuandikie. Tutachimba pamoja.